Bastola ya kwanza Massachusetts: nusu ya uamuzi ni ya sheria

Mteja anaingia katika duka la silaha, tuseme mjini Worcester, akiwa na leseni mfukoni. Ameishi Marekani miaka kadhaa, hana kosa lolote la jinai, na anajua anachokitaka: Glock 19, bastola ambayo umaarufu wake umevuka bahari zote. Muuzaji anatikisa kichwa. Askari anayepita nje barabarani huenda anayo kiunoni. Ng'ambo ya mpaka, katika jimbo la New Hampshire, inapangwa kabatini kama bidhaa nyingine yoyote. Lakini raia wa kawaida wa Massachusetts, kwa miaka mingi sasa, hajaweza kuuziwa mpya dukani.

Kwa Mwafrika Mashariki aliyezoea kusikia kwamba Marekani bunduki hununuliwa kama sukari ya rejareja, jambo hili hustaajabisha. Nyumbani, kibali cha silaha ni shughuli nzito: Kenya ina Bodi ya Leseni za Silaha, na Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2015. Wengi huondoka wakiamini kwamba huko waendako masharti hayo hayapo. Katika majimbo kadhaa hayapo kweli. Massachusetts si mojawapo.

Jimbo hilo linawahusu wasemaji wa Kiswahili kwa karibu. Miji ya Lowell na Worcester ina Wakenya wengi, pamoja na watu waliotoka nchi jirani, na yamo makanisa ambayo ibada zake huendeshwa kwa Kiswahili. Baadhi yao hufanya kazi za zamu, hurudi nyumbani usiku wa manane, na baadhi wamewahi kujiuliza kama wanunue bastola ndogo ya kujilinda. Je, sheria inawaruhusu? Na ikiwaruhusu, wachague ipi?

Kwanza leseni, kisha bastola

Marekani ina sheria za silaha za serikali ya shirikisho, na juu ya hizo kila jimbo huweka zake. Msingi wa sheria za sasa za Massachusetts uliwekwa mwaka 1998, na marekebisho makubwa yalitiwa saini na Gavana Maura Healey mwezi Julai 2024.

Mtu haruhusiwi kununua bastola katika jimbo hilo, wala hata risasi zake, kabla ya kupata leseni ya kubeba silaha. Mwombaji awe ametimiza umri wa miaka 21. Kwanza huhudhuria mafunzo ya usalama chini ya mkufunzi aliyeidhinishwa. Sheria ya 2024 iliagiza kwamba mafunzo hayo yajumuishe pia kupiga risasi kwa vitendo. Kisha huenda katika kituo cha polisi cha mji anaoishi, akajaza fomu, akachukuliwa alama za vidole na picha, akahojiwa, na kulipa dola 100 ambazo hazirudishwi hata akikataliwa. Leseni ikitoka hudumu miaka sita.

Sheria inampa mkuu wa polisi siku 40 kutoa jibu, ingawa mara nyingi muda huo hupita. Akikataa, lazima aeleze sababu kwa maandishi, na mwombaji ana siku 90 za kupeleka malalamiko yake katika mahakama ya wilaya.

Hadi mwaka 2022 mwombaji alitakiwa pia kueleza kwa nini anaitaka silaha, na katika miji kama Boston wengi walipewa leseni yenye mipaka, ya kuwinda au kulenga shabaha tu. Tarehe 23 Juni 2022, Mahakama ya Juu ya Marekani, ikiamua kesi iliyotoka New York, ilisema raia anayetimiza masharti hapaswi kulazimishwa kuthibitisha haja ya pekee ndipo aruhusiwe kubeba silaha. Siku chache baadaye maofisa wa Massachusetts waliwaagiza polisi waache kuliuliza swali hilo. Hata hivyo, mkuu wa polisi bado anaweza kumnyima leseni mtu ambaye, kwa taarifa za kuaminika, anaonekana kuwa hatari kwake mwenyewe au kwa wengine.

Aina ya viza ni sharti la kwanza

Kwa mhamiaji, swali linalotangulia yote ni hadhi yake ya kuishi nchini. Sheria ya shirikisho inamkataza kabisa mtu asiye na kibali cha kuishi Marekani kumiliki silaha au risasi. Inamkataza pia, isipokuwa katika hali chache kama vile kuwa na leseni ya uwindaji, yule aliyeingia kwa viza ya muda: mwanafunzi, mtalii, au mfanyakazi wa mkataba. Mwanafunzi kutoka Arusha anayesoma Boston kwa viza ya masomo hawezi kununua bastola, hata kama rekodi yake ni safi kama theluji ya huko.

Mwenye ukaazi wa kudumu, ile kadi ya kijani ambayo Waafrika Mashariki wengi waliipata kwa bahati nasibu ya viza au kupitia jamaa zao, anaruhusiwa na sheria ya shirikisho. Massachusetts yenyewe ilikuwa ikiwanyima wakaazi kama hao leseni ya bastola hadi mwaka 2012, pale mahakama ya shirikisho mjini Boston ilipoamua kwamba kufanya hivyo kulikiuka haki zao za kikatiba.

Ruhusa hiyo, hata hivyo, ina makali yake. Katika sheria ya uhamiaji ya Marekani, kutiwa hatiani kwa kosa la kununua, kuuza, kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria ni sababu ya kufukuzwa nchini, na kadi ya kijani haiizuii. Massachusetts nayo ina adhabu ya lazima: anayekutwa na bastola bila leseni nje ya nyumba yake au mahali pake pa kazi anakabiliwa na kifungo kisichopungua miezi 18. Raia akimaliza kifungo hicho hurudi kwake. Mhamiaji akikimaliza anaweza kupelekwa uwanja wa ndege.

Kosa lenyewe ni rahisi kulifanya bila nia mbaya. Kutoka Lowell hadi Nashua, New Hampshire, ni mwendo mfupi wa gari. Tangu mwaka 2017 New Hampshire haimtaki mtu awe na leseni ili abebe bastola. Mkaazi wa Nashua anayevuka mpaka Jumapili asubuhi kwenda ibadani Lowell, bastola ikiwa kiunoni kama ilivyokuwa jana yake, ameingia katika jimbo ambamo kitendo hicho ni jinai. Vivyo hivyo, leseni ya Massachusetts haina nguvu New York, mahali ambapo wasafiri wengi wa Afrika Mashariki hupandia ndege. Nairobi na Dar es Salaam ndiko kabisa.

Wapo pia wanaozuiwa kwa sababu ya mambo ya nyumbani. Tangu mwaka 1996, mtu aliyetiwa hatiani kwa ukatili dhidi ya mwenzi wake, hata kama lilihesabiwa kosa dogo, haruhusiwi kumiliki silaha. Mwezi Juni 2024 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba hata mtu aliye chini ya amri ya mahakama ya kumlinda mwenzi wake anaweza kunyang'anywa haki hiyo, iwapo mahakama imemwona kuwa tishio.

Orodha ya jimbo na kanuni za mlaji

Leseni ikishapatikana, mnunuzi hukuta kwamba jimbo limekwisha kumpunguzia uwanja wa kuchagua, tena mara mbili.

Kuna kwanza orodha ya bastola zilizoidhinishwa. Ili aina fulani iingie humo, vielelezo vyake hupelekwa katika maabara huru, hupigishwa risasi 600 kuona kama vitakwama au kuvunjika, na huangushwa juu ya zege kutoka kimo cha mita moja kuona kama vitajifyatua vyenyewe. Shabaha ilikuwa kuziondoa sokoni bastola za bei nafuu zilizotengenezwa kwa madini hafifu.

Juu ya orodha hiyo kuna kanuni za Mwanasheria Mkuu wa jimbo, na hizi ndizo zinazowashangaza wengi. Katika miaka ya 1990 ofisi hiyo iliamua kuitazama bastola kama inavyotazamwa bidhaa yoyote iuzwayo kwa mlaji, na kutumia sheria ya kumlinda mlaji. Watengenezaji walipinga, lakini mwaka 1999 mahakama kuu ya rufaa ya jimbo ilikubali kwamba ofisi hiyo ina mamlaka ya kufanya hivyo.

Kanuni hizo zinataka bastola iwe na namba ya siri isiyofutika kwa urahisi. Zinataka iwe na kizuizi cha kumshinda mtoto wa kawaida wa miaka mitano, kwa mfano kifyatulio, au triga kama wengi wanavyokiita, kinachohitaji nguvu ya ratili 10 kukivuta. Kwa bastola zenye magazini, zinataka kuwe ama na alama inayoonyesha wazi kwamba chemba ina risasi, ama na kifaa kinachoizuia bastola kufyatuka magazini ikiwa imetolewa.

Sharti hili la mwisho lina kisa kinachojirudia katika nyumba nyingi. Mtu hutoa magazini, akaamini bastola ni tupu, akasahau ile risasi moja iliyobaki chemba. Ajali nyingi za watoto na vijana zimeanzia hapo.

Ndipo ulipotokea utata wa Glock. Bastola hizo zilikuwa kwenye orodha iliyoidhinishwa, lakini ofisi ya Mwanasheria Mkuu ilisema alama yao ya kuonyesha risasi haitoshi. Wanunuzi na wauzaji walikwenda mahakamani wakidai kanuni haieleweki. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ya shirikisho mjini Boston iliwakatalia. Hukumu iliandikwa na David Souter, jaji mstaafu wa Mahakama ya Juu.

Kwa hiyo, kuwepo kwenye orodha hakumaanishi kuwepo dukani. Baadhi ya viwanda hutengeneza toleo maalumu kwa ajili ya Massachusetts. Mfano unaojulikana ni M&P Shield ya Smith & Wesson, ambayo toleo lake la jimbo hilo liliwekewa kifyatulio kizito zaidi. Kampuni hiyo yenyewe ilikaa Springfield, Massachusetts, tangu miaka ya 1850. Mwaka 2021 ilitangaza kuhamishia makao makuu yake Tennessee, ikitaja mswada uliokuwa umependekezwa bungeni, na ofisi mpya zilifunguliwa mwaka 2023.

Udogo una gharama yake

Mnunuzi wa mara ya kwanza mara nyingi huomba bastola ndogo kabisa. Huonekana rahisi: inaingia mfukoni, haimtishi mtu, haina uzito. Wakufunzi wengi husema kinyume chake, na sababu zao ni za kimaumbile.

Risasi ya milimita 9 hutoa mshtuko ule ule, iwe imefyatuliwa katika bastola kubwa au ndogo. Katika bastola nzito, uzito humeza sehemu ya mshtuko huo. Katika nyepesi, sehemu kubwa huishia kiganjani. Mpini mfupi huacha kidole cha mwisho kikielea hewani, na mkono hupoteza mshiko. Mtutu mfupi huvileta vilengeo viwili karibu, kiasi kwamba mkono ukipinda kidogo tu, risasi hupotoka sana. Nazo springi za bastola ndogo kwa kawaida huwa ngumu, hata mwenye mikono dhaifu hutaabika kuikoki.

Kanuni za Massachusetts zenyewe zinalitambua jambo hilo. Bastola yenye mtutu usiofika inchi 3 haiuzwi mpaka mnunuzi aelezwe kwa maandishi jinsi risasi zake zinavyotawanyika katika umbali wa yadi 7, 14 na 21. Ni karatasi inayofaa kusomwa kabla ya kutoa pesa.

Kifyatulio kizito huongeza ugumu. Ratili 10 ni kama kilo nne na nusu. Bastola ndogo ya kisasa ina uzito wa gramu 500 hadi 600 ikiwa tupu. Kwa hiyo kidole kimoja hutakiwa kuvuta kwa nguvu inayofikia takriban mara nane ya uzito wa chombo chenyewe, huku mkono ukitakiwa usitikisike. Kinga iliyowekwa kwa ajili ya mtoto humlemea pia mtu mzima, na dawa yake ni mazoezi tu.

Mifano mitatu huonyesha tofauti zilizopo. Rivolva ya Smith & Wesson ya namba 642 ina risasi tano, mtutu usiofika inchi 2, na uzito wa kama gramu 400. Haina magazini, kwa hiyo utata wa risasi iliyosahaulika chemba baada ya kutoa magazini haupo, na kifyatulio chake ni kizito kwa maumbile. Lakini kuipiga vizuri ni kazi. SIG P365, iliyotoka mwaka 2018, ina mtutu wa inchi 3 na nukta moja na hubeba risasi 10 katika magazini yake ya kawaida. Kwa hiyo inahitaji mshiko imara. Glock 19, ile aliyoitaka mteja wetu, ina mtutu wa inchi 4 na magazini ya risasi 15.

Hapo sheria inaingia tena. Massachusetts haimruhusu mnunuzi kupata magazini mpya ya zaidi ya risasi 10. Faida ya bastola kubwa ya kubeba risasi nyingi hutoweka. Wengine hutoa hoja kwamba basi hakuna sababu ya kununua kubwa. Hoja iliyo bora ni kwamba, kwa kuwa idadi ya risasi imekwisha kuamuliwa na jimbo, mnunuzi abaki na kipimo kimoja: ni ipi anayoweza kuidhibiti. Kwa mtu atakayeiweka nyumbani tu, mara nyingi hiyo ni ile iliyo kubwa kidogo kuliko aliyoifikiria.

Njia ya kujua ni kwenda kwenye uwanja wa shabaha unaokodisha silaha na kupiga aina mbili tatu, chini ya usimamizi wa mwenye leseni, kabla ya kununua. Mnunuzi aikoki mwenyewe mara kumi mfululizo. Aangalie kama kidole chake kinafika kwenye kifyatulio bila kupindua kiganja. Apige risasi 50, kisha aulize mkono wake kama uko tayari kwa nyingine 50. Bastola inayomuumiza hataifanyia mazoezi, na asipoifanyia mazoezi haitamfaa siku ya shida. Katika bajeti aingize pia gharama ya ala nzuri inayofunika kifyatulio, sefu, na risasi za mazoezi ya mwaka mzima.

Mjomba na mpwa

Katika jamii za Afrika Mashariki, kununuliana vitu ni desturi. Mwenye nafasi humnunulia asiye nayo, kisha hulipana. Kwa silaha, desturi hiyo ni mtego.

Mwaka 2009 Bruce Abramski, aliyewahi kuwa askari polisi Virginia, alinunua Glock kwa niaba ya mjomba wake aliyekuwa Pennsylvania, kwa kuwa yeye angeweza kupata punguzo la bei. Mjomba alikuwa mtu safi aliyeruhusiwa kumiliki silaha, na makabidhiano yalifanyika kupitia muuzaji mwenye leseni. Kosa lilikuwa moja: katika fomu ya shirikisho Abramski alikiri kwamba yeye ndiye mnunuzi halisi. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na mwezi Juni 2014, kwa kura tano dhidi ya nne, majaji walithibitisha hatia yake.

Tangu mwaka 2022 kumnunulia silaha mtu asiyeruhusiwa ni kosa linalojitegemea katika sheria ya shirikisho, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 15. Pia mtu hawezi kununua bastola katika jimbo asiloishi na kuondoka nayo papo hapo. Lazima ipelekwe kwa muuzaji mwenye leseni katika jimbo lake. Ndugu wa Lowell hawezi kumtuma ndugu wa Nashua, hata kama wamelala tumbo moja.

Fomu hiyo hiyo imekuwa ikimwuliza mnunuzi kuhusu bangi. Massachusetts iliihalalisha kwa kura ya mwaka 2016, lakini fomu ni ya serikali ya shirikisho, ambayo haikuifuata. Jibu la uongo katika fomu hiyo ni kosa la jinai, na kwa mhamiaji tumeshaona kosa la jinai huweza kuishia wapi.

Hoja za pande mbili

Watetezi wa sheria hizi huonyesha matokeo. Massachusetts imekuwa miongoni mwa majimbo yenye viwango vya chini kabisa vya vifo vya risasi Marekani. Wanasema hilo si sadfa, na kwamba leseni, mafunzo na kufuli huokoa watu.

Wapinzani, wakiwemo wanachama wa jumuiya ya wamiliki wa silaha ya jimbo hilo, husema sheria zinambana anayezitii, na jambazi haombi leseni. Wanaongeza kwamba ada, masomo na kusubiri humlemea zaidi mwenye kipato kidogo, ambaye pengine ndiye anayeishi mtaa wa hatari. Hoja hii haitoki upande mmoja wa siasa. Katika kesi ya New York ya mwaka 2022, mawakili weusi wanaowatetea washtakiwa maskini waliiambia Mahakama ya Juu kwamba sheria za leseni zilikuwa zikiwapeleka jela watu weusi na Walatino kwa kitendo ambacho wengine walikifanya kwa ruhusa.

Mhamiaji anayechagua bastola ya kwanza amesimama katikati ya hoja hizo mbili. Zote zinamgusa.

Mahali itakapolala

Sheria ya Massachusetts inataka bastola isiyokuwa mikononi mwa mwenyewe iwe imefungiwa katika kasha au kutiwa kufuli. Asiyefanya hivyo anaweza kutozwa faini au kufungwa, na adhabu huongezeka kama mtoto angeweza kuifikia. Haiachwi garini bila kufungiwa. Ikiibwa lazima iripotiwe. Akihama nyumba, mwenye leseni hutakiwa kuwaarifu polisi wa mji anaotoka na wa mji anaokwenda ndani ya siku 30, jambo ambalo watu wanaohamahama kufuata kazi na kodi nafuu hulisahau upesi.

Nyumba za wahamiaji mara nyingi huwa na watu wengi: watoto, bibi aliyekuja kuwalea, binamu aliyefika wiki iliyopita na kupewa kochi. Kila mmoja wao anaingia katika hesabu. Anayeshinda kazini saa 12 aulize bastola itakuwa wapi muda huo, maana mwajiri wake anaweza kuwa amekataza silaha kazini.

Ipo pia hesabu ambayo watu wengi hawapendi kuitaja. Mwaka 2023 watu wapatao 46,700 walikufa kwa risasi Marekani, na zaidi ya 27,000 kati yao walijiua. Utafiti uliofanywa California na kuchapishwa mwaka 2020 uliwafuatilia watu wazima takriban milioni 26 kwa zaidi ya miaka 12. Uliwatazama hasa walionunua bastola kwa mara ya kwanza. Wanaume waliomiliki bastola walikuwa na uwezekano mara nane zaidi wa kufa kwa kujipiga risasi kuliko wanaume wasiomiliki. Kwa wanawake ilikuwa mara 35.

Takwimu hizo hazimhukumu mtu yeyote. Zinasema tu kwamba hatari iliyo mlangoni na hatari iliyo ndani lazima zipimwe pamoja. Upweke, deni, ndoa iliyovunjika na kesi ya uhamiaji isiyokwisha ni mambo ambayo jamii za ughaibuni zinayajua vizuri, hata kama hayasemwi hadharani. Pale mmoja wa nyumbani anapopita katika kipindi kama hicho, silaha itolewe nyumbani ikahifadhiwe kihalali kwingine. Tangu mwaka 2018 sheria ya Massachusetts inaruhusu pia jamaa kuiomba mahakama imwondolee silaha mtu aliye hatarini. Namba ya simu 988, iliyoanza kutumika nchi nzima mwaka 2022, hupokea simu za wenye dhiki saa 24.

Kwa anayehofia safari ya usiku kutoka kituo cha basi, zipo hatua nyepesi zaidi. Tangu mwaka 2014 mtu mzima Massachusetts hahitaji leseni kununua dawa ya pilipili ya kupuliza. Taa mlangoni na kitasa imara havihitaji leseni popote.

Na anayeamua kuendelea, utaratibu salama ni huu: athibitishe kwanza hadhi yake ya uhamiaji, na penye shaka amwone wakili kabla ya kwenda polisi, ahudhurie mafunzo, apate leseni, ajaribu bastola kadhaa uwanjani, anunue sefu, na bastola iwe ya mwisho. Maabara huru imekwisha kuiangusha bastola ya aina hiyo juu ya zege, na mkuu wa polisi amekwisha kuisoma rekodi ya mnunuzi. Nyumba itakamolala, na watu watakaolala nayo humo, vimeachwa kwa mnunuzi avipime mwenyewe.